Mapafu Hayaazimwi

Siku ile, mwanangu Sauda, naikumbuka tangu asubuhi yake. Nilikuwa na umri kama wako. Nilivaa sketi ya bluu niliyoikaza kiunoni kwa pini, maana ilikuwa imeanza kunipwaya, na nilishuka kilima cha Naguru kwa miguu huku najiimbia. Nilikuwa nakwenda kupimwa afya ili nipewe cheti cha afya cha urubani. Moyoni nilidhani nakwenda kuchukua kitu kilichokwisha kuwa changu.

Jana ulipokuja hapa Lubaga ukakaa kwenye kiti cha mlangoni bila hata kuvua viatu, nilijua kuna jambo. Ulisema daktari amekuta presha yako iko juu, na mchoro wa moyo wako una kitu kinachotaka kutazamwa na bingwa, na mpaka hapo hakuna cheti cha afya cha urubani. Halafu ukasema, macho yako sakafuni, kwamba rafiki yako anajua mahali pengine ambapo hawaulizi mengi. Sikukujibu. Mwenye njaa hapewi nasaha, nilikupakulia chakula kwanza. Leo umekaa palepale na viatu vyako miguuni, nami nakujibu. Majirani zetu Waganda humwita shangazi ssenga, nao wanajua kazi yake ni kumwambia binti yale yanayomkwama mzazi kooni. Basi nitegee sikio, na usinihimize. Mimi ni rubani mstaafu, sitaki tena kuharakishwa na mtu.

Tulikuwa tunakaa katika kambi ya polisi Naguru, kwenye zile nyumba za mabati za duara ambazo mchana huwaka kama sufuria. Babu yako alikuwa dereva wa polisi. Mama alikuwa na meza ya nguo za mitumba katika soko la Owino. Kambini kila kabila lilikuwapo, ndiyo maana Kiswahili chetu hakikuwa cha shuleni, kilikuwa cha amri, cha bombani na cha kuombana chumvi. Nasi Wanubi tulikuwa na Kinubi chetu cha ndani ya nyumba. Bibi yangu mzaa baba tulimwita Haboba, ndivyo Wanubi tunavyowaita bibi zetu. Haboba ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile, hata baba alipokuwapo.

Shule ya urubani ilikuwa imenichagua, mimi na msichana mwingine mmoja tu, Apio, binti wa jirani tuliyekua naye. Katika masharti lilibaki lile moja la afya. Apio alikuwa amekwisha kupita. Haboba alikuwa amekwisha kumtangazia kila mtu kambini kwamba mjukuu wake atakuwa anaendesha ndege. Hata muuza maziwa alikuwa ananiita Kapteni.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na maneno mengi. Alinipima macho, akanionyesha vile vitabu vya nukta za rangi, akanisikilizisha milio masikioni. Yote nikapita. Kisha nikapigwa picha ya kifua. Aliibandika ile picha kwenye kioo chenye taa akaitazama kwa muda, akasogea, akaitazama tena. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu.

"Binti, umekuwa ukikohoa?"

"Kidogo tu, daktari. Vumbi la kambini."

"Na jasho usiku?"

Nilikuwa naamka shuka limelowa, nikilaumu mabati.

Akanivuta karibu na ile picha. Juu ya pafu la kulia kulikuwa na wingu jeupe. "Hiki ni kifua kikuu," akasema. "Kinatibika. Lakini siwezi kukupa cheti leo. Sikukatai, nakuahirisha. Utibiwe, upone, urudi kwangu mimi mwenyewe."

Mwanangu, wewe unajua masikio yanavyofanya saa kama hiyo. Yanachagua. Nilisikia "siwezi kukupa cheti", hayo mengine yakapita kama magari barabarani. Nilirudi Naguru kwa miguu vilevile, na sikuimba.

Lazima nikueleze miaka ile ilivyokuwa, maana ninyi mmeikuta imepita. Ulikuwa umeingia ugonjwa mpya usio na dawa, watu wanakonda, wanakohoa, wanazikwa. Mtu akikohoa mara mbili kwenye foleni ya maji, aliye nyuma yake anarudi hatua. Kifua kikuu na ugonjwa ule vilikuwa vimefungwa kamba moja katika vinywa vya watu. Kwa hiyo sikulia kwa ajili ya cheti peke yake. Nililia kwa ajili ya foleni ya maji.

Nilimweleza Apio, naye hakurudi nyuma hata hatua moja. Nitamshukuru kwa hilo mpaka kaburini. Alikuja nyumbani jioni ileile. Haboba alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, mdogo wangu Juma amemlalia mgongoni, maana mtoto yule alikuwa wa mgongo wa Haboba, akilala hapo na kuamkia hapo. Huyo Juma ndiye baba yako. Alikuwa bado hajatimiza miaka miwili, mkimya, mwepesi kama unyoya. Tulikuwa tunasema ni mtoto mtulivu.

Apio hakujificha kusema, alidhani Haboba atafurahi. "Zaituni, acha kulia. Mashine ya eksrei haimjui mtu. Tutakwenda kliniki nyingine, nitaingia mimi, nitavuta pumzi, wataandika jina lako. Picha safi hiyo unampelekea daktari mwingine. Dawa utakunywa polepole hukohuko shuleni, nani atajua?"

Nami, nisikufiche, wazo lile liliniingia kama maji kwenye mchanga. Nilikuwa nafungua mdomo niseme ndiyo.

Haboba aliweka ungo chini.

"Apio, mjukuu wangu," akasema, "Mungu akulipe kwa moyo huo. Si kila mtu ana rafiki wa kumpa mapafu. Lakini niambie. Siku Zaituni yuko huko juu, amebeba watoto wa watu, kifua kikambana akatapika damu, wewe utakuwa wapi umletee hayo mapafu yako?"

Apio akauvuta ungo akaanza kuchambua maharage.

"Na wewe," akanigeukia mimi. Sauti yake haikupanda. Haboba alipokasirika kweli, sauti ilishuka. "Mtu amekuonyesha nyoka ndani ya nyumba, badala ya kutafuta fimbo unatafuta pazia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Umesoma mpaka wakakuchagua, na hilo dogo hujalisoma?"

"Haboba, watu wataniona kwenye foleni ya dawa. Watasema nina ule ugonjwa."

"Watasema. Na watakuwa wanasema juu ya mtu aliye hai. Kesho asubuhi tunakwenda zahanati, mimi na wewe. Nitavaa gomesi yangu nzuri ili watuone vizuri."

Na kweli aliivaa. Ile ya zambarau yenye mabega yaliyosimama, aliyoivaa harusini tu. Alipita katikati ya kambi, Juma mgongoni, ameshika mkono wangu, anasalimia kila mlango, na walipomuuliza anakwenda wapi alijibu, "Nampeleka Zaituni kutibiwa kifua." Hivyo tu. Umbea, mwanangu, hula kilichofichwa. Hapo hakukuwa na kilichobaki cha kula.

Zahanatini tulimkuta muuguzi mmoja Mkongomani, mama wa makamo aliyekimbia vita kwao. Kiswahili chake kilikuwa kitamu na amri zake hazikuwa na mlango wa kutokea. Alinisikiliza, akasoma maneno ya daktari, kisha akamtazama Haboba. Haboba alikuwa anakohoa kwenye pembe ya kitambaa chake. Alikohoa hivyo tangu nilipokuwa mdogo. Tulisema ni moshi, maana alikaanga mandazi kila alfajiri.

"Mama, hiyo kikohozi ni ya lini?"

"Ni moshi."

"Moshi haikondeshi mtoto," muuguzi akasema, akanyoosha kidole kwa Juma. "Leta wote wanaolala chini ya paa hiyo. Wote."

Tulipimwa sote. Baba na mama walikuwa salama. Mimi nilikuwa mgonjwa, hilo tulilijua. Haboba alikuwa mgonjwa kuliko mimi. Na Juma, yule mtoto wetu mtulivu, hakuwa mtulivu. Alikuwa anakwisha. Muuguzi alimpapasa shingoni ambako vilikuwa vimeota vinundu ambavyo hatukuvitilia maanani, akamwambia mama, bila kuzunguka, "Mngengoja kidogo, mngekuja kwangu bila yeye."

Soma tena hilo moyoni mwako, Sauda. Kama ningepita mtihani ule siku ile, au kama picha ya Apio ingeingia mahali pa yangu, ningepanda basi kwenda shule ya urubani huku nimevimba kichwa, na nyuma yangu wangemzika baba yako wakisema ni mapenzi ya Mungu. Wewe usingekuwapo wa kuja kulia mlangoni kwangu. Kila ninapowaona mkila pamoja siku ya Idi, wewe na wadogo zako, huwa namkumbuka daktari yule akiinamia ile picha. Sijawahi kumshukuru mtu kwa kunipa kitu kama ninavyomshukuru yeye kwa kunizuilia.

Lakini siku ile mwenye kuumia zaidi alikuwa Haboba. Kwa wiki nzima hakukaanga mandazi. Alikaa nje ya mlango na bakuli lake la peke yake, na Juma alipomnyooshea mikono aligeuza uso. Nilimfuata nikakaa chini.

"Ni mimi niliyewapa," akasema. "Mchuma janga hula na wa kwao. Nimemlisha mtoto sumu mgongoni mwangu, huku namwimbia."

Sikuwa na busara, nilikuwa msichana tu. Nilimwambia lililonijia: "Haboba, hukulichuma, lilikukuta. Na kama si wewe, tungekuwa bado tunatafuta pazia. Wewe ndiye uliyetutoa mlangoni."

Kisha akaniuliza kama yule muuguzi amesema ni lini ataruhusiwa kumbeba tena mtoto. Nikamwambia amesema dawa zikishika, haichukui muda mrefu. Akasema, "Basi nipe hizo dawa." Hakuzikosa hata siku moja tangu hapo.

Tiba ya siku hizo ilikuwa ndefu kuliko ya leo, na ilikuwa na sindano. Kila asubuhi tulikwenda watatu, kizazi cha juu, cha kati na cha chini. Baba yako alijifunza kutembea kwenye njia ile ya zahanati. Mwanzoni akimwona muuguzi alijificha ndani ya gomesi, mwishoni alimkimbilia kwa sababu alikuwa anampa ndizi. Alinenepa. Akaanza kelele, akavunja vikombe, na mama kila kikombe kilipovunjika alisema alhamdulillahi. Ndipo tukajua kwamba miezi yote ile hatukuwa na mtoto mpole, tulikuwa na mtoto mgonjwa.

Wenzangu walianza masomo bila mimi. Apio aliniandikia kutoka huko, na sitakudanganya, nilipofungua bahasha zake mkono ulikuwa mzito. Ameruka na mkufunzi. Ameruka peke yake. Nilifurahi nikaumia, yote mawili katika kifua kimoja kilichokuwa bado kinapona. Ukisikia wivu kwa wenzako miezi hii, usidhani umekuwa mtu mbaya. Uache upite, usiukaribishe chai.

Nilipomaliza dawa nilirudi kwa daktari wangu. Picha mpya ilikuwa safi, pamebaki kovu dogo tu. Nilishatabasamu. Kisha akaniuliza nilitibiwa kwa dawa gani, nikamtajia zote, na sindano nikamtajia. Akaacha kuandika.

"Hiyo sindano huweza kugusa masikio. Tupime tena."

Tukapima. Sikio la kushoto lilikuwa linaikosa milio ya juu. Akaniambia anapaswa kunipeleka kwa bingwa wa masikio, na mpaka hapo hakuna cheti. Maneno yaleyale, chumba kilekile. Nilikaa kwenye benchi la koridoni nikajiambia: ungenyamaza juu ya sindano, mjinga wewe, sasa hivi ungekuwa na karatasi mkononi. Ukweli huo nao umenipa nini?

Nilimpelekea Haboba maswali hayo kwa hasira. Alikuwa amerudi kwenye mandazi yake. Aligeuza moja mafutani, akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Amekuambia uende wapi?"

"Kwa bingwa wa masikio."

"Basi hujafukuzwa. Umeelekezwa njia. Mtu aliyefukuzwa haelekezwi njia."

Nilikwenda. Bingwa alinipima kwenye chumba kisichopitisha sauti, mara kadhaa, siku mbalimbali. Ilionekana sikio lile lilikuwa limepoteza kidogo tu, kiasi kisichomzuia mtu kurusha ndege, na sehemu ya tatizo ilikuwa ni kelele za nje siku ya kwanza. Daktari wangu akatia sahihi, kwa sharti la kupimwa sikio hilo kila niliporudi. Nililitimiza sharti hilo mpaka nilipostaafu. Na kwa kuwa alijua tangu mwanzo lilivyo, hakuna mwaka uliomshtua. Wako marubani niliowajua walioingia kila mtihani wakitetemeka, kwa sababu ya uongo waliouandika wakiwa vijana. Mimi niliingia nikimuulizia habari za wanawe.

Nilianza masomo na kundi la nyuma. Apio, aliyekuwa mbele yangu, alinifundisha jioni kila kilichokuwa kinanishinda. Sasa yuko nchi za mbali, lakini hapitishi mwezi bila kunipigia, na bado hukataa kuzungumza habari ya picha ile. Humwambia simlaumu. Nani amewahi kulaumu mapenzi? Mapafu tu ndiyo hayaazimwi.

Haboba aliruka nami mara moja, kwenda Arua kwenye msiba wa ndugu yake. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuwa nahodha. Tulipotua nilimuuliza ameonaje. Nilitegemea aniambie juu ya mawingu, au mto ulivyoonekana mdogo.

"Niligeuka nikawatazama watu," akasema. "Nusu yao walikuwa wamelala. Hawakujui, hawakukuuliza kitu, wamelala."

Nimerusha ndege miaka mingi baada ya hapo, na sijapata sifa iliyonitisha na kunifurahisha kama ile.

Sasa nikuambie wewe lako, mwanangu. Huyo daktari si adui yako. Ameusikiliza moyo wako kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kusema anakupenda. Fanya alilosema. Kama unaona amekosea, omba kwa heshima daktari wa pili akutazame, hilo ni haki yako na taratibu zipo. Lakini jua tofauti. Kumtafuta daktari wa pili ili aone vizuri zaidi ni akili. Kumtafuta ili asione ni kujichimbia shimo, na kuwachimbia na wengine wasiokujua. Ukiulizwa unatumia dawa gani, taja. Ukiulizwa nani kwenu ana presha, taja, na mimi unitaje, maana ninayo. Uliza kila kipimo kinachofuata ni kipi na kwa nini, usitoke chumbani na neno ambalo hukulielewa. Punguza chumvi, lala mapema, na acha hiyo kahawa unayokunywa kama maji usiku wa mitihani. Usijifungie na aibu, maana aibu ikikaa peke yake na kijana humshauri vibaya. Njoo ukae nami.

Sikuahidi kwamba utapita. Mimi nilipita, na wapo waliokuwa bora kuliko mimi ambao miili yao ilisema hapana moja kwa moja. Mmoja wao alikwenda kuongoza ndege kutoka mnarani, na sauti yake ilitushusha salama siku nyingi za ukungu. Anga ni pana, ina milango mingine. Lakini hapana hiyo hujaambiwa bado, basi usijiambie mwenyewe. Kukawia si kukosa.

Kesho tutakwenda wote kwa daktari wa moyo. Nitavaa vizuri. Jibu lolote litakalotoka huko, tutarudi hapa tule, kisha tutampigia baba yako tumweleze lilivyo.

Mungu aliyemrudishia baba yako pumzi akutulizie moyo wako. Akupe waganga wenye macho makali na ulimi laini. Akunyime kila kitakachokuangamiza, hata kama umekililia, na akupe unyofu wa kumshukuru kwa alichokunyima. Popote atakapokuweka, juu au chini, akuweke ukiwa mzima na ukweli wako. Amina, mwanangu. Sasa vua viatu.